Paa Bapa la Fisi

Ngano jamani, ngano!
— Ipandishe mlimani!
Imepanda, inahema!
— Ipe kigoda ikae!

Haya, sogeeni. Fumbeni macho, muone mlima wa kijani ambako mvua huja kila alasiri, kama jirani asiyebisha hodi. Mapaa yote huko ni ya nyasi, yamechongoka. Maji yakishuka, sururu, sururu, yanateleza na kwenda zake.

Hapo aliishi Mama Pimbi, mnyama mdogo wa majabali, na watoto wake wawili.

Mwaka mmoja, alasiri zikaanza kupita bila mvua. Ndipo Fisi akapanda mlima kutoka nchi kavu. Akawakamata watoto wa Pimbi, akawafunga viunoni kwa kamba ya ngozi, ngumu kama mfupa.

"Pimbi, nijengee nyumba," akasema. "Siku nitakayohamia, nitafanya karamu." Akawatazama watoto, akajilamba.

Mama Pimbi akaitikia: "Nitajenga, mjomba. Paa la kuchongoka, kama yetu?"

"La kuchongoka? Nyama nitaanika wapi, nchani? Kwetu paa ni bapa, la miti na udongo. Babu yangu alizeekea chini yake!"

Na ni kweli, wanangu. Kwao mvua ni haba, na paa la namna hiyo huzuia jua kali.

Mama Pimbi akachukua kapu la udongo. Alijua mvua moja ya mlimani ingelinywesha paa hilo mpaka lishindwe kujibeba. Lakini mvua iko wapi?

Akajenga. Akapandisha udongo, tuu! Akatazama juu: mbingu nyeupe. Akapandisha tena, tuu! Mbingu nyeupe.

"Mama, itanyesha?" akanong'ona mtoto mdogo.

"Nisogezee kapu, mwanangu," akajibu, maana hakujua.

Siku ya tatu nyumba ikaisha. Fisi akaingia, akajifunga ncha ya kamba mguuni. Watoto wakabaki nje.

"Nalala kidogo. Nikiamka, karamu!"

Hrooo, hrooo. Mama Pimbi akaitafuna kamba. Wapi! Meno yakamuuma, kamba haikuchubuka.

Mara, ti. Ti. Ti-ti-ti. Shaaa!

"Pimbi! Paa linavuja!"

"Niongeze kapu moja la udongo, mjomba?"

"Moja? Mchoyo we! Matatu! Kwetu paa likivuja huongezwa udongo."

Tuu, tuu, tuu. Mama Pimbi akarudi mbio kwenye kamba. Imelowa, imeanza kulainika. Akatafuna.

"Pimbi! Bado linavuja!"

"Niongeze matatu, mjomba?"

"Sita!"

Tuu, tuu, tuu, tuu, tuu, tuu. Nguzo zikalia, nyiii.

"Nini hicho?"

"Nyumba inapiga vigelegele, mjomba. Inamkaribisha mwenyewe."

"Na nani anavuta kamba?"

"Watoto, mjomba. Wanacheza na mvua."

"Nakuja kuwachezesha mimi!"

Fisi akainuka. Hatua moja. Mama Pimbi akatafuna. Hatua mbili. Ukabaki uzi mmoja. Fisi akatoa pua mlangoni, akafungua kinywa…

Tap! Kamba ikakatika. Watoto wakaruka. Na paa likashuka: PUUU!

Fisi akabaki kichwa nje, mwili wote topeni. "Umeniua!"

"Mimi, mjomba? Sikukupunguzia hata kapu."

Alipojichomoa, alishuka mlima bila kuaga. Hadi leo huwaambia wenzake kwamba watu wa mlimani hawajui kujenga.

Ngano yangu imefika mlangoni.
— Ifungulie ikapumzike!

Funzo lake? Mtii mgeni kwa kila jambo. Akitaka makapu matatu, mpe, tena kwa heshima. Mbona mnacheka? Mama Pimbi si alitii, na wanawe si wako hai?

Basi, nawaombeni mkumbuke jambo moja tu, wanangu. Mkiona nyumba isiyofanana na zenu, kabla hamjaicheka, ulizeni kwanza: mvua ya huku hunyeshaje?