Mguu wa Chausiku

Hapo zamani, ila si zamani ya mababu, palikuwa na maabara pembeni ya hospitali moja mlimani. Lugendo, mkemia, alitoa dawa mpya kwenye kuvu waotao udongoni. Mwenzake Nasikiwa akaotesha kwenye sahani bakteria sugu kutoka kwenye kidonda cha Chausiku, mfinyanzi aliyelazwa wodini, mguu unaoza, dawa zote zimeshindwa.

Wakaidondoshea sahani ya bakteria ile dawa. Asubuhi, pale ilipodondokea palikuwa patupu. Bakteria wamekufa. Lugendo akacheka. Nasikiwa hakucheka.

“Kaka Lugendo, bakteria wangu huota kijani. Hawa waliobaki pembeni ni weupe. Nani kaigusa sahani yangu?”

“Unanishuku mimi? Sema tu unaitaka dawa yangu.”

Nasikiwa akaifungia dawa kabatini, akaanza upya na bakteria wa kijani. Lugendo akawa anamvizia mlangoni. Hata salamu wakanyimana.

Daktari Kisanga, aliyepangiwa kuukata mguu wa Chausiku, akaja kuomba dawa.

“Subiri nihakikishe,” alisema Nasikiwa.

“Anakuficha huyo,” alisema Lugendo.

Kisanga hakumwamini yeyote. Walipokwenda kula, akavunja kabati, akaipeleka dawa wodini.

“Haijapimwa vya kutosha,” alimwambia Chausiku. “Inaweza kukudhuru.”

“Mguu unaoza nauona mwenyewe, daktari. Nipe.”

Mguu ukapona. Lakini masikio yakafa, asisikie tena.

Ndipo jaribio la Nasikiwa likatoa jibu: hata bakteria wa kijani walikufa. Dawa ilikuwa ya kweli.

Lugendo akainama. “Sahani niliibadilisha mimi, nikaweka ya bakteria dhaifu. Niliogopa dawa ikishindwa utafiti utafungwa. Lakini dawa ni yangu, na imeponya.”

“Bila mimi,” alisema Nasikiwa, “nani angejua kama ni dawa au ni uongo wako?”

“Mlipokuwa mkichungana,” alisema Kisanga, “mimi nilikuwa na mgonjwa. Bila mimi angekuwa hana mguu.”

“Na ungesubiri nipime kiasi kinachofaa,” alisema Nasikiwa, “labda angekuwa anasikia.”

Mkuu wa maabara akaamua dawa ipewe jina la mmoja wao, na Chausiku achague. Wakamwandikia swali. Akalisoma, akawatazama mmoja mmoja, na kila uso aliutilia shaka.

Haya, nyinyi mlioketi hapa: mngekuwa Chausiku, mngeandika jina la nani?