Ua la Vigae la Bi Nahija

Aliyenisimulia jambo hili kwanza ni mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, siku niliyotaka kufulia nepi juu ya kipande cha sakafu.

Kilikuwa kimelazwa uani kwake, pembeni mwa jiko, kimefunikwa gunia. Nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile, nikadhani ni jiwe la kufulia. Nikavuta gunia, nikamwaga maji, nikatandaza nepi ya kwanza.

"We mama Nasra!" Mama alitoka jikoni na upawa mkononi. "Ondoa huo uchafu wa mjukuu wangu juu ya ua la watu!"

Niliona aibu nikatamani kujificha ndani ya beseni. Nilipoinua nepi nikaliona. Sakafu nyekundu, na katikati yake ua la vigae vya sahani, petali saba za bluu na nyeupe. Katikati ya petali kulikuwa na kitako cha kikombe chenye picha ya jogoo.

"Kaa hapo," mama akasema. "Nitakusimulia, kisha na wewe utanijibu. Kila anayeingia uani humu nimeshamuuliza."

Ng'ambo ya barabara, pale penye mtaro mpya, palikuwa na nyumba ya Mzee Semkiwa na mkewe, Bi Nahija. Walikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Mwajabu, wa kwanza, alikuwa na mikono isiyovumilia kitu kilichofifia. Sufuria ikipita kwake, unaweza kujitazama uso. Wenzake walimtania, "Mwajabu, paka muache, ukimsugua atabaki ngozi."

Mbaruku, wa pili, alikuwa na sikio. Aligonga fenesi akajua kama limeiva. Aligonga ukuta akajua wapi ni mzima na wapi pana uwazi. Alipokua akawa fundi wa ujenzi, na hakuna aliyeshangaa.

Zuhura, kitinda mimba, alikuwa na subira. Kuku alivunjika mguu, watu wakaanza kuchemsha maji ya kumnyonyolea. Zuhura akamfunga kijiti, akakaa naye kivulini siku hadi siku, mpaka kuku akatembea na kutaga.

Sasa, watoto hawa wakiwa wadogo, baba yao alijenga baraza mbele ya nyumba. Fundi alimwaga saruji, akainyunyizia rangi nyekundu, akawa anailainisha kwa mwiko. Ndipo Bi Nahija akatoka na kitambaa amekifunga fundo. Ndani mlikuwa na vigae vya vyombo vyake vya harusi, vilivyoanguka vyote pamoja siku rafu ilipong'oka ukutani.

"Mama, hii ni sakafu, si kabati la vyombo," fundi akamwambia.

"Fundi, wewe laza saruji yako," Bi Nahija akajibu, "na mimi nilaze harusi yangu."

Akapiga magoti, akalipanga ua lile mbele ya mlango kabla saruji haijashika. Kuanzia siku hiyo sinia la chakula cha mchana liliwekwa juu ya ua. Mgeni aliambiwa, "Pita, vua viatu hapo kwenye ua." Mtoto aliyekosa alisimamishwa juu ya jogoo mpaka aombe radhi. Mama mkwe wangu alipofika hapa katika kusimulia alicheka peke yake. Akasema mihogo aliyokaribishwa kwenye baraza lile haikuwa na ladha kama mihogo mingine, na yeye hajui kwa nini.

Miaka ikapita, Bi Nahija akafariki. Mzee Semkiwa akawa kila akirudi msikitini analikuta lile ua mlangoni, anashindwa kuingia ndani. Mwishowe akaita fundi mwingine. "Funika baraza lote," akamwambia. Fundi yule alikuwa na haraka. Hakuikwaruza sakafu ya zamani, hakuiosha polishi, alimwaga tu saruji mpya juu yake na kwenda zake. Baraza likawa la kijivu. Watoto walipokuja kwenye arobaini ya mama yao, walikuta ua limeshafunikwa.

Likakaa hivyo miaka kumi na miwili. Kisha ikaja habari kwamba barabara inapanuliwa, na ukuta wa Mzee Semkiwa ukachorwa alama nyekundu. Alipewa mpaka Jumamosi awe ametoka. Watoto walipokuja kumhamisha, walimkuta amekaa barazani, kiganja amekilaza sakafuni.

"Lile ua liko chini hapa," akasema. "Nililifunika kwa haraka. Nilitaka nilione mara moja tu kabla sijaondoka."

Sasa sikilizeni vizuri.

Mbaruku alisema, "Baba, usiwe na wasiwasi." Juu ya kijivu kile hapakuonekana ua linaanzia wapi wala linaishia wapi. Akalala kifudifudi na sikio sakafuni, akawa anagonga kwa mpini wa nyundo, shibiri kwa shibiri. Huku pakalia ko, huku ko, kisha mbele ya mlango pakalia pu, sauti ya uwazi. Akapazungushia mstari wa mkaa, akachukua tindo, akakata kidogo kidogo kwa siku mbili. Fundi mwingine angeanza na nyundo kubwa, na ua lingetoka kama kokoto.

Tabaka la juu lilipolegea, Mbaruku aliingiza bapa la panga pembeni, akainua. Likabanduka zima kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake sakafu nyekundu ikawaka kana kwamba imesuguliwa asubuhi ileile. Mbaruku mwenyewe akasema, "Hii si kazi yangu. Saruji imekataa kushikana kwa sababu ya polishi. Ingeshikana, ingeng'oka na ua zima." Wote wakamgeukia Mwajabu, aliyekuwa anatoka ndani na kapu la vyombo. Kila Ijumaa ya utoto wake, miaka tisa, yeye ndiye aliyelisugua baraza lile, na ua kuliko pengine pote, kwa polishi na kumbi la nazi. Mwajabu akaweka kapu chini, akagusa magoti yake, akalia.

Lakini walipokikata kipande chenye ua na kukiinua kutoka chini, kikavunjika mapande matatu. Saruji ya zamani ilikuwa na mchanga mwingi kuliko ilivyotakiwa. Mzee Semkiwa akageukia ukuta. Zuhura ndiye aliyepiga magoti. Akakusanya mapande na chembe zote, hata zilizokuwa ndogo kama mchele, akavusha kila kitu juu ya ubao wa mlango mpaka uani kwa Bi Sikudhani. Akayaunganisha kwa uji mzito wa saruji, akakilaza kipande juu ya wavu wa banda la kuku na saruji mpya, akakikaza kwa mpira wa baiskeli, akakifunika magunia mabichi. Siku saba akakimwagia maji, asubuhi, adhuhuri na jioni, asiruhusu hata mtu kukiegemea. Siku ya nane akakigonga Mbaruku, akasikia kitu kimoja kizima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Nyumba yangu mpya nimeacha nafasi mlangoni," Mbaruku akasema. "Nisingelisikia lilipo, leo lingekuwa chini ya lami."

"Wewe ulisikia uwazi," Mwajabu akajibu. "Na uwazi huo aliuweka nani? Nyinyi mlikuwa mnacheza rede, mimi niko chini na kumbi la nazi."

"Dada, hukujua kama unaokoa kitu. Ulikuwa unaogopa fimbo ya mama tu."

"Fimbo ya mama? Mama hakuwahi kunipiga! Nilisugua kwa sababu alikuwa akitoka, akilitazama, anatabasamu. Wewe kubomoa ndiyo kazi yako kila siku."

Zuhura alikuwa anakung'uta magunia. Akasema polepole, "Mlikuwa na mapande matatu. Sasa mnagombea kimoja."

Wakaanza tena. Mwajabu akataka wapokezane, kila mmoja akae nacho mwaka. Zuhura akakataa. Kipande kile kinaweza kusafiri mara moja tu, akasema, kikafukiwe kwenye sakafu ya mtu na kutulia. Kikihamishwa tena kitapasuka, na safari hiyo yeye hataweza kukiunga.

Wakamtazama baba yao.

"Msinitazame mimi," Mzee Semkiwa akasema. "Mimi ndiye niliyelifunika."

Akamgeukia mama mkwe wangu, akamwomba akae nacho na awaulize watu. Wote wanne watarudi Ijumaa baada ya swala, wakiwa na mkokoteni, na kitakwenda kwa yule ambaye Bi Sikudhani atamtaja.

"Na Ijumaa ndiyo keshokutwa," mama akaniambia. "Muuza maandazi amesema Zuhura, kwa sababu kitu kilichovunjika si kitu mpaka kiungwe. Fundi Chambuso amesema Mbaruku, mafundi wanajuana. Baba mkwe wako amesema Mwajabu, kisha akabadilisha, kisha akaniambia nisimwulize tena. Haya, mama Nasra, wewe?"

Nilitazama povu kwenye beseni. Nilijua ningependa kusema nini, kisha nikaona na wale wengine wawili wana haki. "Nitafikiri, mama," nikasema.

Akacheka. "Hivyo ndivyo nilivyosema na mimi."

Basi nawauliza nyinyi mnaosoma, na wanenu mnaowasomea. Yuko aliyelisikia ua lilipokuwa halionekani. Yuko aliyelilinda bila kujua, Ijumaa moja baada ya nyingine. Yuko aliyeliunga lilipokuwa limekwisha. Ijumaa mkokoteni utakuja, na ua ni moja. Mngeuelekeza mlangoni kwa nani?

Mimi jibu sikulipata usiku ule. Kesho yake asubuhi, Nasra akiwa bado amelala, nilifua nazi ya chakula cha mchana, nikachukua kipande cha kumbi lake. Nikafunua gunia, nikapiga magoti, nikaanza kusugua, petali moja moja, mpaka jogoo akang'aa. Yeyote atakayepewa, alikute kama mama yao alivyolipenda.