Fungu la Teoklo

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika nchi ya Wayunani, zamani za kale, palikuwa na mfalme aitwaye Nikandro na mkewe Filonida. Walikuwa wacha Mungu kwa kadiri ya nuru waliyojaaliwa, na kwao mgeni alikuwa amana: haulizwi jina wala atokako mpaka ashibe, na akishakula, damu yake ni haramu kwa mwenye nyumba.

Adhuhuri moja aliingia mtu amejaa vumbi, anatetemeka kwa njaa. Jikoni lilikuwa limebaki paja moja tu la mbuzi, ambalo Filonida alimwekea mwanawe wa pekee, Teoklo, aliyekwenda kuwinda tangu alfajiri. "Mwanangu atanielewa," akasema, akamwandalia mgeni kwa mikono yake mwenyewe.

Mgeni aliposhiba, mfalme akamuuliza habari zake. Wallahi, angeweza kudanganya! Hakudanganya. Aliinamisha kichwa akasema, "Bwana wangu, nimekimbia damu. Asubuhi nilisikia kichaka kikitikisika, nikadhani nguruwe mwitu, nikarusha mkuki. Nilipofika nikamkuta kijana, shingoni ana mkufu wa kaharabu. Amekufa mikononi mwangu, na sijui ni mtoto wa nani."

Mkufu ule Filonida aliutunga mwenyewe. Alipiga ukelele, akaanguka. Mfalme akachomoa upanga, akamgeukia mkewe. "Mama Teoklo, wewe ndiye uliyemlisha. Ukisema afe, atakufa, na dhambi ya kuvunja ahadi iwe juu yangu."

Maskini mama yule! Alitaka mgeni yule afe. Alitaka kwa moyo wake wote. Akatazama sahani, akauona mfupa wa lile paja, umebaki mweupe.

"Rudisha upanga, mume wangu," akasema huku analia. "Amekwisha kula kwetu. Nikiivunja ahadi leo, basi miaka yote ile nilikuwa nikicheza tu." Kisha akamwambia mgeni, "Inuka, utupeleke alipolala mwanangu. Utambeba wewe."

Akambeba. Teoklo akazikwa kabla jua halijatua, na mgeni akaenda zake salama.

Filonida aliishi miaka mingi, akiwalisha wageni kama zamani, bila kuwauliza majina. Ila kila mgeni aliposhiba, yeye aliinuka akatoka ukumbini kabla mfalme hajaanza kuuliza.

Ndugu zangu, sisi twatimiza ahadi nyepesi, tena twajisifu. Mama huyu aliitimiza yake huku anamlilia mwanawe. Mwenyezi Mungu atujaalie subira kama yake, na atuepushe na mtihani kama wake.