Tufe la Pili la Chiyo

Barafu isiyongojwa hupasuka mbele ya mgeni. Mmeisikia methali hii leo, wanangu, na mmeuliza ilikotoka. Ilizaliwa mbali, katika mji mmoja wa Japani, ndani ya baa ndogo ya wiski.

Mwenye baa, Mzee Onodera, alikuwa fundi wa barafu. Aliyagandisha maji polepole mpaka yakawa maangavu kama kioo, akalichonga bonge kwa kisu likawa tufe, kisha akaliacha nje ya friza litoke jasho, yaani lianze kulowa juu. Barafu iliyotoka frizani ikimiminiwa wiski papo hapo hushtuka, ikapasuka. Iliyokwisha kutoka jasho hutulia, ikayeyuka taratibu bila kukiharibu kinywaji. Wateja walilijua hilo, wakangoja.

Uzee ukaingia mikononi, kisu kikaanza kutetemeka. Mwanafunzi wake, Chiyo, aliitamani kaunta ile kuliko kitu kingine chochote. Mzee akamwambia, "Kesho alasiri nitakaa upande wa wageni. Ukinihudumia vizuri, baa ni yako. La sivyo, naufunga mlango."

Siku ya pili Chiyo akachonga. Tufe likatoka safi. Akaliweka katika bilauri, akasimama.

"Mimina," akasema Mzee.

"Bado halijatoka jasho, Mwalimu."

"Koo limenikauka, binti. Mimina."

Neno la mwalimu halikuwahi kukataliwa katika nyumba ile. Akamimina. Ukasikika mlio mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa, na ufa ukalipitia tufe katikati. Mzee akaitazama bilauri. Hakuwa amemtega. Maisha yake yote hakuwa amekaa upande ule, wala hakujua kwamba kungoja ni kurefu kiasi kile.

Chiyo akaiondoa bilauri, akatoa bonge jingine, akaanza upya. Alipolitua tufe la pili katika bilauri nyingine, Mzee akagonga kaunta kwa kidole.

"Mimina. Mwalimu wako amesema."

"Mwalimu wangu husimama upande huu," Chiyo akajibu kwa upole, mikono ameificha nyuma. "Upande huo leo yuko mgeni, na mgeni wangu atangoja."

"Nimekuja kunywa, si kulinda barafu."

"Basi tuilinde sote wawili."

Mzee akaguna, lakini akatulia. Wakalitazama tufe likipoteza ukungu wake, likang'aa, hata tone moja likateremka ubavuni. Ndipo Chiyo akamimina. Mzee akaitegea bilauri sikio, hapakusikika kitu. Akanywa bila haraka mpaka mwisho, akatoa ufunguo wa mlango mfukoni, akauweka juu ya kaunta, pale palipokuwa bado na alama ya maji ya bilauri ya kwanza.

"Ungenitii tena," akasema, "ningeondoka nao."

Tangu hapo, mteja akimharakisha, hata awe mkubwa wa namna gani, Chiyo humjibu kama tunavyojibiana sisi leo: barafu isiyongojwa hupasuka mbele ya mgeni.