Kipepeo wa Mndimu Alivyowakana Wanawe

Sogeeni, niwaeleze habari ya yule mdudu wa kwenye mndimu. Zamani, kule Bara Hindi, Kipepeo alikuwa analea watoto wake mwenyewe. Na walikuwa wazuri tangu wakiwa viwavi, wana njano na nyeusi kama mama yao.

Siku moja, akiwa na mayai tumboni, alikwenda kwa Mndimu kuomba mahali pa kukaa. Mndimu alikuwa bado mdogo, ndio kwanza anatoa majani. Akamwambia, "Kaa, shoga. Lakini haya majani laini niachie, bila hayo sitachanua."

Kipepeo akaapa. "Wanangu hawali sana. Utadhani hawapo!"

Mayai yakaanguliwa, watoto wakaanza kula. Kipepeo aliwaona, wala hakuwakataza. Akili yake yote ilikuwa kwenye arobaini, siku atakapotoka na wanawe wageni wawaone. Wageni walipofika wakamkuta Mndimu amebaki vijiti vitupu, analia.

Nyuki, ambaye alikuja akitegemea maua, akasema kwa sauti, "Makubwa! Na hawa walioshiba hapa, wa nani?"

Wote wakamgeukia Kipepeo. Aibu ikamshika. Watoto nao wakainua vichwa, wanangoja mama yao aseme.

Akasema, "Hao? Wala siwajui. Ni mavi ya ndege tu hayo."

Wageni wakacheka. Watoto hawakucheka. Wakajikunja palepale, rangi zao zikazima, wakawa weusi wenye baka jeupe, mavi ya ndege kabisa. Kipepeo akalia, "Jamani wanangu, nilitania!" Hakuna aliyegeuka. Alipomgusa mmoja, yule mtoto akatoa vipembe vyenye harufu kali, mama akarudi nyuma.

Na tangu siku hiyo Kipepeo hakai na wanawe. Anakuja kwenye mndimu, anagonga jani kwa miguu kama anayebisha hodi, anataga yai moja, halafu anaondoka haraka. Watoto wanaanza maisha wakifanana na mavi, na ndege wanawapita. Wakikua wanageuka kijani, kisha wanajifunga kwa uzi kwenye kijiti, wanalala hapo mpaka watoke na mabawa.

Hapo sasa wamefanana naye tena, njano na nyeusi. Wanapishana naye juu ya mindimu. Anawatazama, lakini hathubutu kumuuliza hata mmoja, "Mwanangu, wewe wa nani?"