Maneno ya Babu Yake Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakiwa na simu lakini hawajajua kuzitumia, kulikuwa na kisima kimoja, na kundi moja la simu lililoitwa Wanakisima.

Siku moja Mama Digidigi, mdogo wa umbo, mwepesi wa akili, aliandika humo: "Jamani, Nyati wakinywa wasiingie na miguu. Maji yanachafuka."

Fisi, ambaye hakuna neno lililopita kwake likatoka bila chumvi, akalisambaza hivi: "Digidigi kasema Nyati ni wachafu, wasinywe."

Weee! Mzee Nyati alimjia Mama Digidigi kwa kishindo, ti! ti! ti!

"Wewe kidudu! Sisi wachafu?"

"Sikusema hivyo, mzee. Hebu rudi juu usome..."

"Fisi kaandika umesema, basi umesema! Kisima hiki usikikanyage tena!"

Siku mbili wana wa Digidigi wakalamba umande. Yule mdogo alipoacha hata kulia, Mama Digidigi aliogopa kwelikweli. Akaichukua simu, akaandika kwenye kundi:

"Marehemu babu yake Mzee Nyati, Mungu amrehemu, alisema: Nyati wa kweli hanywi mpaka digidigi ashibe."

Ting! Ting! Ting!

"Maneno mazito!" akajibu Nyati, kifua kimemjaa. "Babu alikuwa akiniambia hayo kila asubuhi."

"Nami nilikuwepo," akaongeza Fisi. "Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Basi Mama Digidigi akaja kisimani na wanawe. Nyati akawapisha kwa adabu zote. Watoto wakanywa, gugu! gugu! gugu! mpaka matumbo yakawa duara.

"Ahsante, mzee," akasema Mama Digidigi. "Ila babu yako hakusema lile neno. Nimelitunga mimi kichakani, leo asubuhi."

"Ati nini?"

"Uliliamini kama ulivyoamini la Fisi. Mimi niliandika msiingie na miguu, basi. Fungua simu usome."

Nyati akasoma polepole, midomo ikimcheza. Kisha akamgeukia Fisi.

"Nawe ulimsikia babu? Babu alikufa hata mama yako hajaolewa!"

Fisi huyoo! Likabaki vumbi.

Nyati akainamisha kichwa chake kizito. "Nisamehe, binti yangu. Nimekuonea, na watoto nimewaonea." Akaparua mchanga kwa kwato, kama mwenye haya. "Lakini lile neno nimelipenda. Kama si la babu, basi nalisema mimi. Haya, wanywe tena."

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukiletewa neno la mtu, mfuate mwenyewe umuulize.