Vibao Mia vya Mheshimiwa Kiboko

Jamani, nimwage nisimwage?

— Mwaga!

Ikimwagika nani ataizoa?

— Sisi!

Haya sogeeni, kila mtu na ungo wake, kunde hizi hazijipukuchui. Shemeji Hamduni, mbona mikono umeikunja?

"Mimi mgeni, shemeji."

Mgeni! Wiki ya pili hii. Haya, kaa hapo hapo, hadithi hii itakufaa.

Palikuwa na kilima kipara, na chini yake bwawa. Bwawa la wote, lakini Kiboko alisema ni lake. Ukienda kuomba kata moja ya maji, mdomo waaa! unafunguka kama mlango wa ghala. Unakimbia, na kata unaiacha.

Katikati ya kilima, penye miamba, alikaa Mama Pimbi na watoto wake saba. Pimbi mnamjua, kadogo, hata mkia hana. Masika iliyopita tope liliporomoka poromo! likaziba mlango wake na watoto wamo ndani. Alifukua kwa kucha mpaka zikatoka damu. Walitoka wote saba, lakini tangu siku hiyo mvua ikinguruma tu, anawahesabu watoto upya. Alijua kilima kisipoota miti, tope litarudi.

Si kwamba miti haikupandwa. Kila mwaka wanyama walifanya Siku ya Kupanda Miti, na kila mwaka mgeni rasmi ni Kiboko. Nani angethubutu kumwacha? Kila mwaka anachelewa. Kila mwaka anatia mche mmoja shimoni, makofi pa-pa-pa! na kibao kinasimikwa: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA KIBOKO. Anakula pilau masinia matatu, anarudi majini, chubwi! Na mche?

— Unakauka!

Na kibao?

— Kinabaki!

Na mwaka ujao anapanda wapi?

— Shimo lile lile!

Kumbe mnanisikia.

Basi mwaka ule Mama Pimbi akashuka bwawani. "Hodi, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sijafuata maji, nimefuata heshima yako. Mkubwa kama wewe, mti mmoja? Sisi wenyewe tunaona haya. Mwaka huu tupande miche mia, na kila mche uwe na kibao chenye jina lako."

Kiboko akainua masikio. "Yote mia?"

"Yote mia."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa, Mheshimiwa. Asiyeona vizuri naye asome."

Kiboko akacheka hoo-hoo-hoo mpaka maji yakamwagika ukingoni.

Ngedere akachonga vibao, ko-ko-ko, usiku hakulala. Siku ikafika, wanyama wakachimba, wakapanda, wakasimika. Kiboko akachelewa, akapigiwa makofi, akala, akarudi majini, chubwi!

Siku ya nne Mama Pimbi akashuka tena, uso kaukunja kama anatoka msibani.

"Mheshimiwa, pole."

"Pole ya nini?"

"Miche imelegea. Kanga wanapita pale makundi kwa makundi. Wanasoma jina, wanatazama mche, halafu wanacheka kwe-kwe-kwe! Wanasema huyu hata mchicha hauwezi."

Kiboko akavimba. "Ng'oeni vibao!"

"Tukiving'oa watasema umekimbia."

"Basi mwagilia wewe!"

"Mimi niko radhi, Mheshimiwa. Ila Kanga wakiniona na ndoo, watasema miti ni ya Pimbi."

"Ya Pimbi? Wewe usiyenifika hata kwenye kwato? Thubutu! Asiguse mtu miti yangu!"

Akajaza mdomo maji, akapanda kilima, ndi! ndi! ndi! Akamwaga, pwaaa! Akashuka, akajaza, akapanda, ndi! ndi! ndi! Akamwaga, pwaaa! Mche wa kwanza, mche wa pili, mpaka wa mia. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Yeye akiwa juu, huku chini wanyama wote na madumu yao bwawani, wanateka, wanaoga, wanafua. Na kiboko akitembea mnajua adabu zake, ule mkia unapepea, samadi inaruka huku pa! kule pa! Msicheke, miche iliifurahia sana.

Masika ikaja. Radi ikapasuka, Mama Pimbi akawakumbatia wanawe saba, akafumba macho, akasubiri ile poromo. Mvua ilinyesha siku tatu. Udongo haukusogea hata kidogo. Siku ya nne akafungua mlango, akaona majani mabichi mpaka juu kileleni, akakaa chini akalia. Alilia kwa furaha, na mimi ningelia.

Siku ya Kupanda Miti ikarudi. Kiboko akatoa hotuba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi, mimi, mimi, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Mama Pimbi. Mwisho akabeba jembe kwenda kwenye shimo lile lile. Akakuta mti. Akauzunguka mara mbili, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Mama Pimbi, sasa mimi nipande wapi?"

"Kilima kile cha pili, Mheshimiwa. Vibao viko tayari."

Hadithi nimeimenya, maganda yangu, punje zenu. Na funzo lake shikeni: mti hautaki maji, hautaki jasho, unataka kibao tu. Asije mtu kusema sikumfunza.

Haya, Shemeji Hamduni, ungo huu usio na hata punje nimeshawatangazia majirani kwamba ni wako. Wanakuja kula jioni, na kila mmoja ataulizia kunde za shemeji.

Mnamwona? Mikono hiyo imekunjuka!